Vitabu Mia Mbili vya Msomaji Mmoja Mmoja

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maktaba za mji wetu. Bi Mkutubi, mwenye funguo na mwenye subira. Wajumbe wa bodi. Na wewe bwana uliyeingia kusoma gazeti ukajikuta katikati ya shughuli: sisi wanachama wa Kikundi cha Meza ya Nyuma tunawasalimu kwa furaha ambayo tumeshindwa kuificha tangu asubuhi.

KARIBU

Karibu sana mgeni wetu. Kiti ulichokalia ndicho kile kizuri. Kile chenye mguu mfupi tumempa mwenyekiti, amekwisha kukizoea. Risala hii imeandikwa na katibu, fundi lifti mstaafu, ambaye katika utumishi wake amewapandisha watu wengi kuliko bodi yoyote ya ajira. Mwenyekiti ameipitia na kufuta majoka manane. Yaliyobaki yote ni kweli.

TULIKOTOKA

Miaka tisa iliyopita Mama Sindano, muuguzi mstaafu, alikwenda kwa muuza vitabu chakavu kutafuta kitabu cha kufuma sweta. Akakutana na kijitabu cha kurasa kumi na sita chenye ramani ya pango.

"Hiki nacho ni cha nini?"

"Hata sijui, mama. Mwanzo kina, mwisho hakina. Wanasema mhusika ni wewe mwenyewe."

"Mimi nimeingiaje humo?"

"Si ndiyo ununue ujue."

Akanunua. Wiki iliyofuata sisi sita tulikuwa pangoni naye, ingawa kwa macho ya kawaida tulikuwa tumekaa meza ya nyuma, pale penye dirisha lisilofungika. Kwa asiyeujua mchezo huu: mmoja huwa msimulizi, na yeye ndiye anayesoma kisa. Sisi wengine tunasema tunafanya nini, tunarusha dadu, naye anatuambia kimetupata nini. Dadu yetu ina pande ishirini, na hakuna hata upande mmoja wenye huruma.

MAFANIKIO

Mpaka leo tumekusanya vitabu mia mbili na kumi na viwili, vinene vya kanuni na vyembamba vya visa vifupi, na vyote tumeikabidhi maktaba hii. Vingine tulivitoa kwenye magunia, vingine kwenye mnada wa shule iliyohama. Kimoja tulimkuta nacho kinyozi, anafutia nyembe. Kurasa tatu za mwisho zilikuwa zimeshakwenda, kwa hiyo hatujui hadi leo kama mfalme wa kisa kile alikufa kwa sumu au kwa ndevu. Fundi cherehani wetu huvishona migongo kwa uzi wa suruali, na havijachanika tena.

Mwanachama mwenzetu, dereva wa lori, ambaye mkewe anaapa kwamba nyumbani hasemi hata "nipitishie chumvi", alisimama hapa akalihutubia jeshi la mifupa kwa nusu saa, mpaka jeshi lote likaomba kustaafu. Mkewe alikuja kumchukua, akamkuta katikati ya hotuba, akakaa chini kumsikiliza.

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita karatasi ilibandikwa mlangoni: kitabu ambacho kadi yake haina majina matatu kwa mwaka kitaondolewa. Mgeni rasmi, vitabu vyetu vina jina moja moja.

Si kwamba havipendwi. Kwetu kisa husomwa na msimulizi peke yake. Mwingine akichungulia, hadithi imekufa. Hata kununua tunanunua kwa siri. Anayekipata anakifunga kwa uzi asije mtu akakifungua. Ndiyo maana kisa cha mnara wa chumvi tunacho mara nne. Wanne wetu walikinunua, kila mmoja akitaka kutushtukiza. Tulikicheza mara nne, na mara zote nne tulishtuka kwa heshima.

Tunaungama pia kwamba tulijaribu ujanja. Tuliviazima vyote kwa siku moja, kila mtu thelathini na tano na mwenyekiti thelathini na saba, ili kadi zipate majina. Baada ya wiki tukavirudisha. Bi Mkutubi akavitazama, akatutazama.

"Wazee wangu, mmevisoma kweli hivi?"

"Sana."

"Mbona hakuna uzi hata mmoja uliofunguliwa?"

"Sisi tunasoma kwa nje," katibu akajibu.

Akachukua mhuri wake. HAKIKUSOMWA, mara mia mbili na kumi na mbili. Mkono ulimuuma, tukamletea barafu.

MAOMBI

Tunaomba kadi iandikwe aliyesoma pamoja na waliokaa mezani. Tukihesabu hivyo, kijitabu cha kurasa kumi na sita kina watu saba kwa mpigo, na kuna vitabu vinene vya mbele kule, hatuvitaji kwa majina, vinavyoota kupata hao.

Ombi la pili ni zito kidogo. Miezi miwili iliyopita tulikuwa katikati ya kisa, tumefika mbele ya mlango mwekundu chini ya ardhi, na kuna mtu anapiga hodi kutoka ndani. Mama Sindano akafunga kitabu. "Tutaendelea Jumamosi." Ijumaa binti yake akajifungua mapacha, mji mwingine, naye akaenda kuwalea. Kitabu akakiacha hapa. Tukampigia simu.

"Mama, tuambie tu, nani anayepiga hodi?"

"Hawa wa siku arobaini wana subira kuwashinda," akasema, akakata.

Kitabu hicho kimo kwenye orodha ya kuondolewa Jumatatu. Sisi sita haturuhusiwi kukifungua, kwa sababu tumo ndani yake. Tulimwomba Bi Mkutubi, tukagundua amekuwa akitusikiliza kutoka kaunta muda wote, na tayari naye yumo mchezoni, ana upanga wake. Bwana wa gazeti naye ameshasogeza kiti mara tatu tangu risala hii ianze, naye mchezo umeshamnasa, na wajumbe wa bodi wameshaulizia dadu. Humu ndani, mgeni rasmi, mwenye ruhusa ya kukisoma umebaki wewe peke yako.

Kipo hapo mbele yako. Hotuba yako tutaipokea kwa makofi, lakini inaweza kungoja. Tunakuomba ufungue ukurasa wa tisa, usome kimya, uso wako usitoe siri, kisha utuambie tunaona nini. Ukimaliza, andika jina lako kwenye kadi. Halafu Jumatatu uamue.

Mwenyezi Mungu akujalie macho makali, ulimi mzito, na jioni isiyo na kikao kingine.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Meza ya Nyuma,
tumesimama kwenye mlango mwekundu, dereva ameshika kitasa.