Mto Haufuati Saa ya Amerika

TUHIN: Haloo? Nani anaongea?

MORJINA: Nani anaongea! Namba yangu umeifuta?

TUHIN: Aa, shemeji Morjina! Asalaam aleikum. Hii simu ya ofisi, haina majina. Habari za huko mjini Chilmari? Kaka Delwar hajambo?

MORJINA: Waaleikumu salaam. Kaka yako yuko kwenye boti, injini inanguruma, abiria hana. Mbona unanong'ona kama mwizi wa kuku?

TUHIN: Niko Dhaka, hotelini, nyuma ya pazia. Kuna hafla. Wageni wa nje wamekuja kuona mradi wa tahadhari ya—

MORJINA: Tahadhari ipi?

TUHIN: Hii yetu. Ya mafuriko.

MORJINA: Basi waambie wageni wako haijafika! Nimesimama juu ya tuta tangu adhuhuri. Mto umepanda mpaka ngazi ya kibanda cha chai, na kisiwani Shonatola hakuna simu iliyolia. Hata moja, Tuhin!

TUHIN: Haiwezekani. Asubuhi zilitoka.

MORJINA: Zilitoka kwa nani? Vijiji vya juu wamepata. Sisi patupu. Watu wananipigia wao: "Morjina, maji yanakuja, mbona ile sauti yako haijaita?" Niwajibu nini?

TUHIN: Waambie tu wahame, si wanakuju—

MORJINA: Wewe ulizaliwa Shonatola au uliokotwa? Umesahau wezi wa ng'ombe? Walipiga simu wakasema mto huo unakuja, watu wakakimbia, kurudi mazizi matupu. Ofisi yenu ndiyo iliyokuja baada ya hapo na sheria. Hakuna kufungua kamba ya ng'ombe mpaka sauti niliyorekodi iite kutoka namba ya ofisi, na kila mtu abonyeze moja kuonyesha kasikia. Mkatuapisha! Leo nikiwapigia kwa simu yangu wananiambia, "Huenda umeshikiwa kisu, Morjina, tunangoja ile ya ofisi."

TUHIN: Na spika ya msikiti?

MORJINA: Msikiti gani? Si mto uliumeza mwaka jana? Nilikutumia picha, ukanijibu kwa kidole gumba.

TUHIN: Ngoja nitazame. Kompyuta ninayo hapa mapajani. Nafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri… naiuliza matumizi ya leo… (vidole vinagonga) …Aah.

MORJINA: Aah nini?

TUHIN: Mgao wa simu umeisha, shemeji. Ile kampuni ya nje inayotupigia simu na kutuchorea ramani imetuwekea kikomo cha siku. Kila simu inayotoka inahesabiwa, kila ramani ikichorwa inahesabiwa. Ukigusa kikomo, mlango unafungwa.

MORJINA: Unafunguliwa lini?

TUHIN: Usiku wa manane.

MORJINA: Usiku wa manane watu watakuwa juu ya mapaa!

TUHIN: Na tena… si usiku wa manane wa kwetu. Ni wa Amerika, upande wa magharibi. Kwa huku ni kesho mchana.

MORJINA: (mtandao unakwaruza) Rudia. Nadhani upepo umenipiga sikioni.

TUHIN: Kesho mchana.

MORJINA: Mto huu unashuka kutoka Tibet, haujawahi kumpigia mtu hodi. Leo unataka nikauambie ukae kitako, Wamarekani hawajalala?

TUHIN: Shemeji, sikutunga mimi—

MORJINA: Mwaka jana uliniapia mgao wa vijiji uko pembeni, una ukuta wake. Ulikuja nyumbani kwangu, ukala samaki wangu, ukachora kwa kidole mezani. "Huku simu, huku ramani, haviingiliani." Ulisema au hukusema?

TUHIN: Nilisema. Ukuta upo. Ila… ulisogezwa.

MORJINA: Ukasogezwa?

TUHIN: Wiki iliyopita. Kulikuwa na kikao. Ikaonekana ramani ya ukumbini iwe inabadilika kila sekunde, wageni waone uhai. Kwa hiyo mgao wa simu ukapunguzwa, ukahamishiwa—

MORJINA: Ukasogezwa, ikaonekana, ukapunguzwa! Ofisi nzima hiyo hamna hata mtu mmoja mwenye mikono? Nani kapunguza?

TUHIN: Mkurugenzi alitaka—

MORJINA: Mkurugenzi anajua hilo dirisha jeusi? Si uliniambia hata kuwasha mashine anaitiwa mtu? Na mashine yenyewe ikakubali tu, kimya kimya?

TUHIN: Hapana. Ilikataa. Ikasema unapunguza mno, huduma inaweza kusimama. Kama umedhamiria, ongeza neno la kulazimisha.

MORJINA: Ahaa. Chuma kikawa na huruma. Na lile neno, kidole cha nani kililiandika?

TUHIN: (kimya)

MORJINA: Haloo?

TUHIN: Nipo.

MORJINA: Nimeuliza.

TUHIN: Niliamriwa, shemeji.

MORJINA: Sikukuuliza aliyeamuru. Sikiliza, mimi sisahau. Mwaka ule maji yalipotufika kifuani, ofisi yenu ilileta fulana. Fulana! Zenye maandishi. Tukazivaa majini mkatupiga picha. Mwaka uliofuata mkaleta nguzo ya kupimia mto, mkaisimika ng'ambo kusikokaa mtu, kwa kuwa gari lenu liliweza kufika huko. Tukakaa kimya. Kisha wakakuajiri wewe, tukasema sasa tuna mtoto wetu ndani. Tukagawa peremende, Tuhin! Kumbe mtoto wetu ndiye waliyemtafuta kushika kisu.

TUHIN: Usiseme hivyo…

MORJINA: Nisemeje? Wageni wanatazama picha ya mto wetu inametameta ukutani, wanakula biriani, na kila inapometa inakula simu ya mtu wa Shonatola. Niambie nimekosea wapi. Rudisha mgao.

TUHIN: Inahitaji saini.

MORJINA: Kuutoa kulihitaji saini?

TUHIN: Hapana, ila… shemeji, jumla ni moja. Nikiwapa simu, lazima niinyime ramani. Itaganda ukutani, na sasa hivi Mkurugenzi yuko jukwaani anaieleza.

MORJINA: Igande!

TUHIN: Watanifukuza.

MORJINA: Utafukuzwa ukiwa mkavu.

TUHIN: Nina mtoto shuleni, nina kodi ya— (mtandao unakatika) —unanisikia?

MORJINA: Maji yamepita ngazi. Mwenye kibanda anabeba birika zake.

TUHIN: Shemeji… mama alikuja kwako mjini, sivyo? Alisema angekuja mvua zikianza.

MORJINA: Delwar, kaza hiyo kamba ya boti!

TUHIN: Shemeji?

MORJINA: Karanga zilikuwa hazijang'olewa zote.

TUHIN: Yuko Shonatola? Mama yuko kisiwani muda wote huu, na wewe unanisimulia fulana?

MORJINA: Yuko. Na bi Sufia na mguu wake mbovu yuko. Na Moksed na wajukuu wake wote wako.

TUHIN: Kwa nini hukuanza na hilo?

MORJINA: Kwa sababu nakujua! Ningelitaja, ungemtafutia mama boti yake peke yake, ukarudi kushika pazia. Mimi sitaki boti ya mama. Nataka simu zote zilie.

TUHIN: (pumzi) Usikate.

MORJINA: Nikate niende wapi?

TUHIN: Naandika… mgao wa ramani, shusha… mgao wa simu, pandisha. Imekataa. Inasema napunguza mno ya ramani.

MORJINA: Neno unalijua.

TUHIN: (Vidole vinagonga.) Nimeliandika.

MORJINA: Enhe?

TUHIN: Imekubali.

MORJINA: Mbona kisiwani kimya? Delwar! Delwar, umesikia chochote huko? …Anatikisa kichwa.

TUHIN: Haifiki papo hapo, shemeji, lazima isambae. Ngoja niamshe foleni ya simu zilizokwama… Ya Rabi. Ramani imesimama. Wanageuka kutazama.

MORJINA: Watazame. Ndiyo sura yetu hiyo, iliyosimama.

(mlio mfupi wa salio)

TUHIN: Salio lako?

MORJINA: Linaisha, achana nalo. Simu!

TUHIN: Zinatoka! Mstari wa kwanza… unaita… amepokea. Moja! Shemeji, amebonyeza moja. Mwingine. Moja. Huyu moja…

MORJINA: Delwar! Sogeza boti! Enhe, nasikia ng'ombe wanalia, wanafunguliwa! Naona mwavuli wa Moksed!

TUHIN: Moja… moja… huyu hapokei, nampigia tena…

MORJINA: Mama?

TUHIN: Inaita.

MORJINA: Simu yake huwa anaifunga kwenye sanduku la nguo. Mpe muda.

TUHIN: Inaita… Amepokea. Anasikiliza.

MORJINA: Atasikiliza mpaka mwisho, unamjua. Kisha atanitukana kwamba naongea haraka.

TUHIN: Bado anasikiliza… bado… Moja! Shemeji, mama, moja!

MORJINA: Alhamdulillahi. Sasa nisikilize kabla sijakatika. Wanakuja hao kukuuliza. Usiwaambie mashine. Usiwaambie mtandao. Usiwaambie imezi—

(Mlio. Salio limekwisha.)

TUHIN: Haloo? …Shemeji? …Haloo?

SAUTI NYUMA YAKE: Tuhin! Ramani imekuwaje? Nani kaizima?

TUHIN: Mimi, bwana. Nimeizima mimi.