Mzee Bushiri na Kadi za Rhobi Wawili

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 1978, Ndugu Bushiri Tamimu anastaafu ukarani wa zahanati yetu baada ya miaka ishirini na mitano na miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu amenisisitizia mwenyewe. Alinikuta naandika, akasimama nyuma yangu mpaka alipoona nimeiandika.

Kamati ya sherehe ilinichagua mimi, Agustina, mhudumu, eti kwa sababu ninaongea sana. Kusoma nimejifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nikikosea mnivumilie, na nikisema kweli msininunie.

Ndugu Bushiri ni mtu wa Nyamisangura, pale Tarime. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetokea pwani. Alianza kazi hapa Aprili 1953, zahanati ikiwa chumba kimoja, na kadi zote zinaenea kwenye sanduku la majani ya chai. Kikurya alikuja nacho. Kinata na Kiikoma alijifunzia palepale dirishani, kwa kutukanwa na wagonjwa waliochoka kusubiri.

Ubaya wake tuuseme mapema. Vikombe vyetu vya chai ni vya serikali, vyeupe, mdomo wa bluu, vyote sawasawa. Mtu akichukua cha mwenzake na kujitetea kwamba vyote ni vilevile, Mzee anamkubalia. Kesho yake anatia chumvi kwenye kimoja, anavipanga, kisha anamkaribisha yule bwana achague, maana si ni vilevile! Tabibu wetu, Ndugu Nikolaus, amekunywa chumvi mara mbili. Yupo hapa leo, muulizeni.

Lakini ndivyo alivyokuwa hata kwenye kadi. Huku kwetu majina hayatoshi watu. Mtoto anapewa jina la bibi, jirani naye bibi yake aliitwa hivyohivyo, na binti wa pili katika nyumba nyingi ni Rhobi. Wengine nao wana majina mawili. Bibi Mokami alibatizwa akawa Philomena, basi asubuhi anakuja Mokami kuchukua dawa ya kikohozi, ile tamu, na mchana anakuja Philomena kuchukua nyingine. Mzee Bushiri alizishika kadi zote mbili, kila moja imeandikwa kovu la goti, akachungulia dirishani, akamwomba Philomena amsalimie Mokami na amwambie kovu la goti lake limehamia kwa mtu mwingine. Bibi alicheka mpaka kikohozi cha kweli kikamjia.

Sasa nifike kwenye jambo la mwanangu mwenyewe.

Binti yangu anaitwa Rhobi Nyangwine. Binti wa jirani yangu Verdiana naye ni Rhobi Nyangwine, mwaka wao mmoja, ila baba zao hawana hata undugu. Zamani haikuwa shida, kwa sababu kadi ya wangu iliandikwa anakaa ng'ambo ya mto na ya wa Verdiana iliandikwa anakaa mlimani. Mwaka 1974 tukahamia wote kijijini, nyumba zikapangwa mstari, na kadi zikaandikwa upya. Zikawa na jina moja, umri mmoja na kijiji kimoja. Tofauti ikabaki moja tu. Nyuma ya kadi ya wangu Mzee alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. Sindano hiyo ilishamvimbisha uso hadi pumzi ikakaribia kukatika.

Siku moja mwaka 1975 Mzee alikuwa likizo, na Tabibu Nikolaus akaamua kusafisha kabati. Akakuta kadi mbili za Rhobi Nyangwine. Akalinganisha maneno ya juu, neno kwa neno, akaona ni yaleyale, basi mtoto ni mmoja. Akabakiza ile safi. Ile chakavu, ya wangu, akaiwashia jiko la kuchemshia sindano.

Wiki mbili baadaye wangu akapata kichomi. Nikamwambia Tabibu penisilini haimfai. Akanionyesha kadi: hapa imeandikwa alichomwa Machi, akapona. Nikaisoma kwa kidole. Kweli, Rhobi Nyangwine, alipona. Jamani, mimi mama yake nikaanza kujishuku! Nani angeniamini mimi mbele ya maandishi ya serikali? Nikamfunua mtoto paja.

Mzee Bushiri ndiyo kwanza alikuwa amerudi kazini asubuhi ileile. Akaingia, akaitazama kadi, akamtazama mtoto, akasema, "Subiri, Bwana Tabibu. Hata hewa usiitoe kwenye hiyo sindano." Akatoka mbio. Mara tunamwona anarudi na Rhobi mwingine mabegani anakula kiazi, na nyuma yake Verdiana anapiga kelele, "Mzee Bushiri, wangu haumwi! Unampeleka wapi?"

Akamweka yule mzima mezani kando ya mgonjwa. "Haya. Wewe umesema ni mtoto mmoja. Mchome huyu anayekula kiazi, yule wa kichomi apone."

Verdiana akamnyakua mwanawe. "Jaribu uone!"

Tabibu akaangalia watoto, akaangalia kadi, akaweka sindano chini taratibu. "Mama Rhobi, nisamehe," akaniambia. Akampa wangu vidonge vya salfa, akakesha naye mwenyewe, na siku ya nne mtoto akaomba uji.

Tangu hapo Ndugu Bushiri alimpa kila mgonjwa namba yake peke yake, hairudiwi hata mwenyewe akifariki, na mama anashonewa namba ya mwanawe kwenye kitambaa cha kuja nacho. Kazi hiyo ilimchukua miezi saba. Waliotoka mkoani kutukagua waliisifu sana, na Tabibu akazipokea sifa hizo kwa mikono miwili.

Jumatatu dirishani atakaa karani mpya, Dada Kudra. Nakiri, usingizi umenipungua. Nimeshamweleza habari za mwanangu mara saba, na mara ya saba aliitikia kabla sijafungua mdomo. Jumanne iliyopita Mzee aliwaita Rhobi wote wawili, akawasimamisha mbele yake, akamwambia Kudra asiwaulize majina, awatazame. Wakatazamwa mpaka wakaanza kucheka. Kisha akawatoa nje, akawarudisha kwa zamu, na Kudra hakukosea hata mara moja.

Mzee wetu, shikamoo. Asante tumewapa wengi katika ukumbi huu, na maneno huwa ni hayahaya, lakini ya leo ni yako. Kaa kwenu Nyamisangura kwa afya, mguu usikuume, cherehani ya baba isikate uzi. Kiti cha kamba tulichokununulia atakuletea sasa hivi Rhobi. Wageni watauliza ni mtoto wa nani. Wewe hutauliza.