Saa Tatu ya Mashine

Mwadila, bhabha na mayo. Asanteni kwa kuitikia. Kuna kipindi nilikuwa nasalimia hapa kisimani na hakuna aliyeitikia.

Mnakumbuka pampu yetu ya sola ilipofungiwa kompyuta. Fundi aliing'oa swichi ya zamani, akaniambia mimi mwangalizi wa kisima, "Andika saa ya kupandisha maji. Ukishaandika usiguse tena, kila siku itajiwasha yenyewe." Mimi nikataka saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshakolea. Nikaandika tatu.

Hakuna kilichopanda. Tangi likakauka, fundi simu yake haipatikani. Ndugu zangu, nawaambia, kiangazi kile kilinimaliza. Mkawa mnafukua mchanga mtoni kutafuta maji. Mkasema nimeuza pampu, wengine mkasema nimewaloga. Ng'ombe wa mama yangu wakaanza kulala na kushindwa kuinuka. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kesho maji yatatoka?" Nikasema ndiyo, na nilijua namdanganya. Nilikuwa nakaa mbele ya ile kompyuta natamani kufa, sifichi.

Asubuhi moja mke wangu akaniletea uji ofisini. Akatazama kioo. "Baba watoto, saa ya mashine yako imeharibika. Inasema kumi, na sasa hivi ni saa nne."

Nikamcheka. "Hiyo kumi ndiyo saa nne, mama. Ndivyo wanavyo..."

Sikumalizia. Kama kumi yake ni saa nne yetu, basi tatu yake ni saa tisa usiku! Kumbe kila siku ilitii. Iliwasha pampu gizani, ikakosa jua, ikanyamaza mpaka kesho yake. Nikafuta tatu, nikaandika tisa.

Maji yalipopanda, ng'ombe wa mama walikuwa wameshakwisha wote.

Namshukuru mke wangu. Nawashukuru na nyinyi akina mama mliompelekea mama yangu maji ya mtoni, huku waume zenu wakinitukana. Na mwenye kuiamuru mashine, aiamuru kwa saa yake yenyewe, siyo hii ya midomo yetu. Hilo ndilo nililonalo la kuwafundisha, na ni dogo sana kwa bei niliyolipa.

Msinipigie makofi. Mama bado anatoka alfajiri na kibuyu cha kukamia. Akifika zizini anasimama tu, halafu anarudi ndani.