Shangazi na Washirika Wasio Wake

Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, mawingu yameshuka karibu na paa la kanisa, na kabla ya saa nne jua likatoka. Siku hiyo Mratibu wa Uhusiano na Wafadhili alistaafu baada ya kuitumikia Huduma ya Wagonjwa Majumbani kwa miaka ishirini na tisa. Cheo hicho kirefu kilikaa mlangoni tu. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa lango, sote tulimwita Shangazi, na aliyejaribu kumwita Mratibu aliulizwa kama amekuja kudai kodi.

Kwa waliojiunga nasi karibuni: huduma yetu hupeleka wauguzi na neno la Mungu kwa wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani. Mgonjwa halipi chochote. Gari, dawa za vidonda na mishahara hutoka kwa watu wanaojitolea, na kazi ya Shangazi ilikuwa kuwatunza watu hao. Neno "wafadhili" hakulipenda. Alisema mfadhili hukumbukwa shida inapobisha hodi, lakini mshirika huulizwa hali hata siku ambayo chungu kimejaa. Kwa hiyo alituzoeza kusema washirika.

Alianza kama karani wa mapokezi. Mkurugenzi wa wakati ule aligundua kuwa watu waliokuja kuleta sadaka walikaa kwenye benchi la mapokezi muda mrefu kuliko kwenye kiti cha ofisini kwake. Hakuona wivu. Alimhamishia Shangazi chumba cha pili, akampa meza, simu na baraka.

Kila Januari, Shangazi alibandika ukutani kalenda kubwa ya mwaka na kuipaka rangi. Kijani ni kutembelea, buluu ni kupiga simu, nyekundu ni kuomba mchango. Sheria yake ilikuwa kwamba nyekundu haiji kabla ya kijani tatu. Akienda kwenye kijani alikwenda kusalimu, kusikiliza na kuomba pamoja na wenyeji, basi. Mhasibu wetu alilalamika kuwa kalenda ile imegeuka malisho, kijani kitupu, na ng'ombe wa kukamua haonekani. Shangazi alimjibu kuwa ng'ombe asiyelishwa hukamuliwa damu. Mhasibu alirudi mezani kwake, na tangu hapo ndiye aliyemnunulia kalamu za rangi.

Si kwamba mipango yetu haikuwahi kwenda mrama. Mwaka mmoja ofisi iliamua kuwashukuru washirika hadharani, majina yasomwe kanisani Jumapili. Likasomwa jina la fundi wa kuchomelea madirisha, tukampigia makofi kwa ukarimu wake wa mwaka mzima. Kumbe mke wake, aliyekaa naye benchi moja, alikuwa ameambiwa mwaka huo huo mzima kwamba dirisha la jikoni lisubiri, hali ni ngumu. Fundi wa madirisha, na jikoni kwake pamezibwa kwa boksi! Tuliona mama yule akigeuza shingo polepole. Makofi yakafa.

Kesho yake Shangazi alikwenda nyumbani kwao. Hakujitetea wala hakumtetea fundi. Alivuta kigoda, akachambua maharage na mama mwenye nyumba, akasikiliza lawama zote mpaka sufuria ikainjikwa jikoni. Dirisha liliwekwa wiki ile ile, na mama yule leo ndiye mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha washirika. Tangu siku hiyo hatumshukuru mtu mbele za watu kabla ya kumuuliza, tena tunamuuliza nyumbani kwake.

Lakini jambo tutakalomkumbukia zaidi lilitokea mwishoni, nalo halikuwa rahisi kwake.

Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa goti, akakaa nyumbani miezi mitatu. Katika miezi hiyo simu ya ofisi ilinyamaza kama iliyokatwa. Tuliwapigia washirika; walitujibu kwa heshima kwamba wanamsubiri Shangazi apone. Aliporudi na fimbo yake, simu ilianza kulia hata hajakaa. Mkurugenzi alifurahi, na kwenye ibada ya asubuhi akasema bila Shangazi hakuna huduma. Sote tulisema amina. Yeye hakusema. Alisimama akatuambia, "Basi nimeharibu. Nilitumwa kuwaunganisha watu na wagonjwa, nikawaunganisha na mimi."

Wiki hiyo alibandua kalenda na kuipanga upya. Kila ziara angekwenda na mtu mwingine wa ofisini: mwaka wa kwanza yeye azungumze na mwenzake asikilize, mwaka wa pili mwenzake azungumze, na miezi ya mwisho yeye abaki ndani ya gari. Kukaa kimya kulimtesa. Dereva anasimulia kuwa huko garini Shangazi alikuwa akijibu kwa sauti maswali ambayo hata hakuyasikia.

Kwa wengi mpango ulikwenda vizuri. Kikwazo kilikuwa mmoja, tena ndiye aliyebeba uzito kuliko wote: mzee mwenye duka la magodoro, tunayemwita Mzee Magodoro. Kwa miaka mingi mafuta na matengenezo ya gari la wauguzi yametoka kwake. Mwaka huu, mwezi wa Mei, tulipomweleza kuwa Shangazi anastaafu, aliwatazama watumishi wawili waliotumwa kwake akasema, "Wanangu, nyinyi nawaona kama risiti. Mimi namjua Shangazi. Akiondoka, na mimi nimeondoka." Bila mzee huyo gari lingesimama, na wagonjwa walio mbali wangebaki bila wa kuwaosha vidonda.

Mzee mwenyewe alipendekeza njia. Shangazi akistaafu, awe anapita dukani kwake kila mwezi, apokee mchango na kuuleta ofisini. Wengi wetu, na mkurugenzi akiwemo, tuliona hiyo ni rehema. Shangazi alikataa. Alimuuliza mkurugenzi, "Na nikifa? Mtalipitisha jeneza langu dukani likachukue mchango?" Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa cha woga. Kama mzee angeshika msimamo wake, kalenda haikuwa na rangi ya kutusaidia.

Alirudi kwa mzee peke yake, akamwomba kitu kimoja ambacho hakuwahi kumwomba: apande gari analolijaza mafuta, aende na wauguzi siku moja. Tangu mwanzo mzee alikuwa akiletewa habari za wagonjwa na Shangazi, zikiwa tamu na zimepangika, wala hakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Alinung'unika kuwa ana duka la kuangalia. Shangazi akamwambia magodoro hayatoroki.

Alikwenda Jumatano. Nyumba ya pili walimkuta mwalimu mstaafu aliyepooza, amelala juu ya godoro jembamba, mgongo umechubuka. Mzee aliingiza kiganja chini ya godoro, akabonyeza, akaanza kumhutubia muuguzi juu ya unene na ubora. Muuguzi wetu, ambaye hamung'unyi maneno, alimkatiza: "Babu, hapa tunashika bega, hatushiki bei. Vuta kwako, taratibu." Mzee Magodoro alishika bega. Alilishika mpaka kidonda kikasafishwa chote, na mwalimu alipomuuliza yeye ni daktari wa wapi, aliinama kumnyooshea shuka.

Wiki iliyofuata simu ililia ofisini, Shangazi akaipokea. Tulimsikia akisalimu na kuuliza habari za mke na wajukuu. Mzee alikuwa anauliza kama yule nesi mkali yupo, ana jambo la godoro la mwalimu, na anataka kujua Jumatano gari linaondoka saa ngapi. Shangazi hakutajwa. Alisema, "Yupo, baba, subiri," akampa muuguzi simu, akatoka nje kwenda kusuuza kikombe chake ambacho kilikuwa safi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na uso unacheka.

Mzee Magodoro hajaondoka. Gari linatembea, na Jumatano lina abiria mmoja wa ziada.

Shangazi, asante kwa kila benchi ulilokalia na kila kidonda kilichooshwa kwa sababu uliketi pale. Asante zaidi kwa kukubali kusahaulika huku ukitufundisha kuendelea. Mungu akupe goti lisilouma, wajukuu wenye adabu kiasi, na siku nyingi zisizopakwa rangi yoyote. Ishi vyema, na uje kutusalimu. Kwako itakuwa kijani daima.

Mumewe ametuarifu kwamba jioni ya kuagwa alidhamiria kusoma kadi zote za washirika kabla ya kulala. Alifika ya nne. Saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa amelala kitini, miwani puani.