Dekio la Bibi

MJOMBA: Haloo, nani? Sema haraka, niko kituo cha umeme.

KIMYA: Mimi. Shikamoo, Mjomba.

MJOMBA: Marahaba. Mimi nani?

KIMYA: Kimya. Wa dada yako.

MJOMBA: Kimya? Wewe ambaye mgeni akibisha hodi unaingia uvunguni? Leo umepiga simu mwenyewe, basi kuna aliyekufa.

KIMYA: Bado.

MJOMBA: Bado?

KIMYA: Asubuhi nilikuwa nafua sare nyuma ya nyumba, nikasikia kitu kinalia kaaa—

MJOMBA: Fupisha, mwanangu. Mtaa mzima hauna umeme na wote wana namba yangu. Kinyozi ana mteja amenyolewa upande mmoja, anataka kuniletea mimi.

KIMYA: Ni ile nguzo yenye mchwa. Imelala.

MJOMBA: Imeinama tu. Hiyo imeinama tangu sijaoa.

KIMYA: Imelala, Mjomba. Waya uko chini kwenye nyasi kavu, zile zinazopanda mpaka shuleni.

MJOMBA: Sisi tukajua ni kunguru kagusa waya. Tumewasha laini mara mbili, inakatika.

KIMYA: Tumeona. Mkiwasha, cheche. Ya kwanza nyasi zikashika, Bibi akazima kwa maji yangu ya kufulia. Ya pili akazima kwa sare.

MJOMBA: Na sare?

KIMYA: Ina dirisha.

MJOMBA: Sasa mbona hukupiga mapema?

KIMYA: Kaka alisema nisubiri kwanza moto ufike shuleni.

MJOMBA: Pumbavu yule. Mama yangu, huyo Bibi yako, anasemaje?

KIMYA: Siwezi kurudia, kesho nina mtihani wa dini.

MJOMBA: Rudia.

KIMYA: Anasema angejua, angezaa mshumaa.

MJOMBA: [anakohoa] Haya. Mkae mbali na huo waya. Mbali kama umemwona mwalimu wa hesabu.

KIMYA: Mimi niko mbali.

MJOMBA: Na Mama?

KIMYA: Anautoa kwenye nyasi.

MJOMBA: Anautoa kwa nini?

KIMYA: Kwa mpini wa dekio. Anasema mti haupitishi umeme, ulimfundisha wewe. Siku uliyopata kazi, ukapanda juu ya kiti, ukatuhutubia—

MJOMBA: Nilikuwa najisifu, Kimya. Hilo dekio mmelitumia leo?

KIMYA: Linachuruzika.

MJOMBA: Mpe simu.

KIMYA: Anasema ataongea na wewe umeme ukirudi.

MJOMBA: Ukirudi hataongea na mtu. Mwambie aliweke chini. Mwambie mwanawe analia.

KIMYA: Bibi, Mjomba analia. [mtandao unakwaruza] Anasema unywe maji.

MJOMBA: Mpigie kelele.

KIMYA: Nimepiga.

MJOMBA: Hiyo ndiyo kelele? Mbu ana— subiri. Mkubwa wa zamu anaingia chumba cha swichi. Mkubwa, ngoja. Mkubwa. Hanisikii, jenereta hii.

KIMYA: Anakwenda kufanya nini?

MJOMBA: Kuwasha ya tatu. Ndiyo kazi yetu hapa, tunawasha mpaka ikubali.

KIMYA: Na kwenda kuangalia waya?

MJOMBA: Gari letu lilikufa kabla ya hiyo nguzo. Kimya, Bibi yuko wapi?

KIMYA: Ameugusa. Anausukuma.

MJOMBA: Mwanangu, nakuomba—

KIMYA: BIBI, TUPA HILO DEKIO.

MJOMBA: Lo. Sikio langu.

KIMYA: Amegeuka.

MJOMBA: Amelitupa?

KIMYA: Ananiangalia tu. Majirani wote wametoka, wananiangalia na wao.

MJOMBA: Waangalie tu. Nakimbia kwa mkubwa, usikate. Ile redio yenu bado mnaiacha wazi?

KIMYA: Sauti mpaka mwisho, ili tujue umeme ukirudi.

MJOMBA: Basi ikiimba, ujue sikumfi—

KIMYA: Hukumfanya nini? Mjomba? Salio langu lina—

[Simu inakatika.]

[Ujumbe, kutoka kwa Kimya:] Mjomba nina meseji za bure tu. Amelitupa. Amekaa kwenye ngazi, anasema nimemkosea adabu mbele za watu na leo siingii ndani. Redio haijaimba. Kama umemkaba huyo mkubwa usimwachie. Bibi anauliza kama umekunywa maji.

[Umefika. Haujajibiwa.]