Shemeji Hulala Upande Gani?

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya Barafu, fundi wa friji. Tunaokutana hapo kila alasiri ni Barafu mwenyewe. Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Wakili, ambaye sheria yote aliipata mahakamani alipokwenda kutoa ushahidi wa ugomvi wa majirani. Na mimi, ninayekaa pembeni. Siku ile alikuwepo pia binti wa Breki. Yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uhamiaji, na muhula huu wamempeleka kwenye mafunzo kwa vitendo, katika ofisi inayosaidia familia zinazotaka kuungana na watu wao walio nje. Baba yake ndiye aliyemwita. Kesho yake Barafu alikuwa na mahojiano ubalozini: athibitishe ndoa yake, ili aruhusiwe kumfuata mkewe, aliyeondoka zamani kwenda kulea wazee wa watu. Mkewe naye angehojiwa hukohuko aliko. Walishakataliwa mara mbili. Safari hii wakikataliwa, basi tena.

— Kwanza nieleweshe, binti, alisema Wakili akipokea kikombe kwa muuza kahawa. Unasomea uhamiaji, yaani unasomea kuondoka? Mbona mtaani hapa watu wanaondoka kila siku bila cheti?

— Nasomea kwa nini wanaondoka, baba. Na wanachokutana nacho mbele.

— Wanaondoka kwa sababu hawana kitu. Haya, nipe digrii yangu.

— Mwache mtoto! akasema Breki. Kasoma sheria, kasoma takwimu. Juzi insha yake juu ya familia zilizotengana imeongoza darasa zima. Wewe ukiandika barua ya salamu unakosea anwani.

Binti akacheka kidogo, akamgeukia Barafu.

— Tuanze, baba mdogo. Mimi ndiye ofisa. Hivi ndivyo tunavyofanya kule na kila mtu kabla ya siku yake. Ila kuna sharti: naruhusiwa kuuliza, siruhusiwi kumpa mtu jibu.

Barafu akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, kana kwamba ofisa angeikagua.

— Mkeo hunywaje chai?

— Bila sukari. Akiniona natia yangu hugeuza uso.

— Mlijuanaje?

— Nilikwenda kwao kutengeneza friji ya mama yake. Nikarudi mara nne.

— Ilikuwa mbovu kiasi hicho? akauliza Breki.

— Mara tatu niliiharibu mwenyewe.

Tulicheka hadi muuza kahawa akaweka birika chini.

— Hilo usilitaje kesho! Wakili akaonya. Hiyo ni jinai. Sikiliza: njia ya mwongo ni fupi, kwa hiyo wewe refusha maelezo. Anza na babu yake mkeo, shuka polepole, mpaka wachoke wenyewe.

— Achana naye, akasema Breki. Wale wana mashine chini ya kiti, inapima joto la makalio. Ukidanganya, taa inawaka chumba cha pili. Dereva mwenzangu alisema kweli tupu, akanyimwa kwa ajili ya bawasiri.

— Na kikohozi! akadakia Wakili. Ukikohoa umekwisha. Ndiyo maana wahenga walisema mficha uchi hazai. Vaa suti.

Barafu hakuwa akicheka tena.

— Hivi ni kweli, mwanangu?

— Si kweli, baba mdogo. Wanalinganisha tu. Jibu lako na la mama mdogo. Yakipishana, wanasema ndoa ni ya kutunga. Tuendelee. Mkeo hulala upande gani wa kitanda?

— Ukutani. Alijibu papo hapo. Mimi ukingoni, maana naamka mapema.

— Hadi leo?

— Hadi leo. Ukutani siendi.

Breki akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mpigie shemeji! akasema Wakili. Tulinganishe sisi kabla hawajalinganisha wao.

Barafu akapiga, akailaza simu juu ya benchi ili sote tusikie. Mkewe alipokea. Nyuma yake kulikuwa na mzee aliyekuwa akimwita kwa jina lisilo lake.

— Shemeji, swali moja tu! Unalala upande gani wa kitanda?

— Wakili, huna haya wewe!

— Mama mdogo, ni mimi, binti wa Breki. Ni mazoezi ya kesho.

Mkewe akamwambia yule mzee asubiri.

— Katikati, akasema.

Barafu akaiinamia simu.

— Ukutani, mke wangu.

— Zamani, ndiyo. Hata huku nilianza ukutani, nikakaa hivyo muda mrefu. Siku moja nikaamka niko katikati. Sikukusudia.

— Si kitu. Si kosa hilo.

— Mwanangu, wewe umesoma. Wakiniuliza kesho, niseme lipi?

Binti akaisogelea simu. Baadaye alinieleza kwamba mwezi ule ule, pale ofisini kwao, mume na mke walisema kweli wote wawili, kila mmoja ya kwake, wakakataliwa.

— Siruhusiwi, mama mdogo.

— Yaani vitabu vyote vile vimeishia hapo? Breki akafoka.

— Umoja ni nguvu! akasema Wakili. Semeni ukutani wote, mambo yaishe.

Binti akainuka. Akavuka barabara, akasimama mbele ya duka lililofungwa, ametupa mgongo, mikono ameibana kwapani. Breki alitaka kumwita. Nikamshika mkono. Asichokisikia hawezi kuulizwa.

— Haya, mkewe akasema. Ukutani. Wakiuliza ukuta upi? Wale huchimba. Chumba ulichohamia mimi sikijui.

— Ni rahisi. Barafu akaanza kuchora kwa kidole juu ya ubao wa benchi, kana kwamba anamwonyesha. Ukiingia, mlango uko nyuma yako. Kushoto dirisha, chini yake jiko. Kulia viatu vyangu na sanduku la vifaa. Kitanda kipo mbele yako, kimegusa ukuta.

— Mlango nyuma, mkewe akakariri polepole. Dirisha kushoto. Jiko. Viatu vyako kulia. Kitanda mbele.

— Hapo hapo.

— Nimekishika. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kukamilisha: Na kitu changu kiko wapi humo?

Barafu alibaki na kidole juu ya ubao, pale penye kitanda. Akatutazama mmoja mmoja, sisi tuliowahi kuingia chumbani mle, kana kwamba huenda mmoja wetu alikiona.