Mama Bitana na Kofia ya Bwana Udi

Tunayemzika leo wengi wenu mlimwita Mama Bitana, kwa sababu hakukubali kushona koti lisilo na bitana, hata mteja anune vipi. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1943, mtoto pekee wa baba askari na mama aliyedarizi foronya kwa mkono. Baba aliitwa vitani Oktoba 1942, mimba ikiwa na miezi minne, na vita vikaenda naye. Mwaka 1945 askari mmoja alipita nyumbani, akaacha kofia ya chuma, akasema amepewa aifikishe, akaenda zake. Mama mtu aliiweka juu ya kabati na hakuizungumzia. Homa ilimchukua mwaka 1951. Shangazi, aliyekuwa akiishi mji mwingine, akaja kumchukua binti wa miaka minane, foronya moja na ile kofia.

Alianza shule Januari 1952, akamaliza darasa la nane mwaka 1959. Alikuwa hodari wa hesabu na mbishi wa kila kitu. Neno la kwanza alilosoma bila kusaidiwa halikuwa la kitabuni. Lilikuwa ndani ya kofia, limeshonwa kwa uzi wa buluu juu ya bitana: R, kisha nukta, kisha UDI. Shangazi akaipeleka kwa mwalimu. Mwalimu akaeleza kwamba askari huweka majina kwenye vitu vyao, na baba wa mtoto hakuitwa Udi wala jina lake halikuanza na R.

"Basi aliyeileta alikosea mzigo," shangazi akasema. "Hii ni mali ya watu, mwanangu. Tutaitunza mpaka wenyewe watokee."

"Na baba aliniona?"

"Hilo silijui. Mimi sikuwepo."

Hakuwa na picha ya baba yake, wala barua, wala kifungo cha shati. Alichotaka kujua ni kama yule mtu aliwahi kumtia machoni kabla ya kufa, basi. Akapiga hesabu zake: kama kofia zilichanganyika, Bwana Udi alilala karibu na baba. Akimpata Udi, atapata jibu.

Mwaka 1961 aliingia kwa fundi mmoja kujifunza ushonaji, na mwaka 1965 akafungua chake, chumba kimoja nyuma ya stendi, cherehani ya miguu ikitazama mlango. Kwa bei alikuwa mkali. Mteja akimwambia, "Nipunguzie, Mama," alimjibu, "Nipunguze mkono upi, wa kulia au wa kushoto?" Watu walicheka, wakalipa.

Tarehe 6 Agosti 1966 aliolewa na fundi saa wa mlango wa pili, wakajaliwa watoto watatu. Kofia ilikaa kwenye rafu juu ya cherehani, na hakuna aliyeruhusiwa kutia humo hata pini. Kila Ijumaa mchana alifunga kazi mapema, akaandika barua: kwa vyama vya askari wastaafu, kwa magazeti, kwa ofisi za kumbukumbu. Majibu yalikuja na muhuri mzuri na maneno yale yale: hatumfahamu. Mumewe alizoea kuwaambia wageni, "Mimi humu ndani ni mume wa pili. Wa kwanza ni Bwana Udi."

Mwanawe mkubwa, muuza vipuri, ambaye ndiye anayewasomea haya, mwaka 1998 alimletea mnunuzi wa vitu vya kale.

"Mama, chuma hiki kinakaa tu."

"Anayekaa tu ni wewe. Huwezi kuuza cha mtu."

"Mwenyewe alishakufa."

"Ulimzika wewe?"

Mnunuzi alimaliza chai yake, akaondoka mikono mitupu.

Mwaka 2007 ofisi ya kumbukumbu ilijibu kwa kirefu. Kikosini hakukuwa na mtu yeyote aitwaye Udi. Lakini kadi ya baba ilipatikana: aliandikishwa tarehe 19 Oktoba 1942, alipewa likizo ya siku nne kuanzia tarehe 9 Agosti 1943, na hakuonekana tena baada ya Juni 1944. Mama akapanda basi siku nzima kwenda kumuuliza karani.

"Siku nne hizo alikwenda wapi?"

"Haikuandikwa, Mama. Wengi walibaki kambini. Sitaki kukudanganya."

Wiki nzima baada ya safari hiyo hakuna mteja aliyetaniwa.

Mumewe alifariki mwaka 2011. Mwaka 2017 figo za Mama zilianza kuchoka, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Januari 2019 aliamua kofia ipelekwe ofisi ya kumbukumbu kwa jina la Udi, ili asife na kitu cha watu. Bitana ilikuwa imefumuka upande mmoja. "Siwezi kukabidhi kazi iliyochanika," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani akaitia sindano. Aliigeuza bitana aone imeshikizwaje. Kisha akamwambia binti yake muuguzi amletee ile foronya ya mama yake, akavilaza viwili hivyo ndani nje juu ya mto.

Uzi ule ule wa buluu. Fundo lile lile, limezungushwa mara tatu na kuvutwa kushoto, kwa sababu mama yake alishona kwa mkono wa kushoto. Na nukta haikuwa nukta. Uzi uliishia pale, mama akapiga fundo, akaanza mwingine. Chini ya herufi palikuwa na mstari wa penseli: aliyejua kuandika alichora, asiyejua akafuata kwa sindano.

"Haya, someni bila nukta."

"Rudi," muuza vipuri akasoma.

"Mama yangu hakujua herufi hata moja. Nani alimchorea? Na angeishonaje kofia iliyo vitani?" Akahesabu kwa vidole, kutoka Machi hadi Agosti. "Nilikuwa na miezi mitano. Aliniona."

Upande uliofumuka aliushona mwenyewe, kwa uzi wa buluu. Nukta aliiacha. Alifariki hospitalini Jumatano tarehe 22 Mei 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita.

Ameacha watoto watatu, muuza vipuri, muuguzi na mwalimu, wajukuu saba, na cherehani inayofanya kazi. Mnunuzi wa vitu vya kale alipiga simu juzi kutoa pole, na mwishoni akauliza tena. Amejibiwa na mtu ambaye hajawahi kukataa kusikia bei: haiuzwi.

Marehemu hatumwambii arudi. Aende akapumzike kwa wazazi wake. Wote wawili wanamjua sura.